Picha ya Baba Mkwe Asiyetazamwa

Mtu anayetoka stendi ya Tukuyu kwenda Ibighi hawezi kupita maduka matano mfululizo bila kukutana na kazi ya Sekela. Ndiye aliyemchora yule kijana mwenye panki ya kutisha kwenye ukuta wa kinyozi, yule bibi harusi wa saluni ya Hellen ambaye shingo imemzidi kidogo, na yule kuku wa banda la chipsi anayetabasamu kana kwamba kukaangwa ni sherehe. Ana miaka ishirini na nane, sauti ndogo na kicheko kikubwa. Suruali yake ya kazi imebeba rangi nyingi hivi kwamba mafundi wenzake humwambia aitundike ukutani, huenda akapata mteja.

Mabango ndiyo yaliyomlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye udongo. Bibi yake, Tulinagwe wa Suma, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwisho kijijini kwao waliojua kupamba kuta za nyumba kwa udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu wa mlimani na masizi ya jikoni. Bibi hakushika brashi hata siku moja. Alitumia vidole na kitambaa, akamfundisha mjukuu wake hivyo hivyo, na alipofariki alimwachia ujuzi huo pamoja na jiko lenye ukuta ambao wageni walikuja kuupiga picha.

Mchumba wake, Ambwene wa Ikuti, naye alikuwa msanii kwa namna yake. Siku sita za juma alikusanya maziwa ya wafugaji kwa pikipiki, madumu yakining'inia pande zote. Siku ya saba alipuliza besi, lile tarumbeta la shaba lililo kubwa kuliko yote, katika bendi ya kanisa. Walifahamiana siku alipolileta besi hilo Ibighi likiwa limebonyea ubavuni, akataka alama ifichwe kwa rangi. Sekela aliligeuza kwenye mwanga, akacheka.

"Kaka, hapa mimi sifichi kitu. Hujaona kwamba limebonyea umbo la Mlima Rungwe?"

Akachora mawingu kuzunguka ile alama, na mlima ukatokea. Wazee wa bendi walinung'unika mwezi mzima. Ambwene alirudi juma lililofuata bila tarumbeta, akidai amekuja kuuliza kama rangi imekauka.

Mwezi wa sita mwaka jana ng'ombe wawili wa posa walipandishwa kutoka Ikuti hadi Suma, na siku hiyo hiyo maisha ya Sekela yakabadilika. Kwa Wanyakyusa wa zamani, ng'ombe wakishafika, binti na baba mkwe hawatazamani tena. Hawasalimiani, hawaketi chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani kila mmoja humkwepa mwenzake. Desturi hiyo huitwa ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Siku hizi wengi wameilegeza, na kuna familia ambazo mkwe na mkwe hupeana mikono mlangoni pa kanisa. Mzee Ambindwile, baba yake Ambwene, hakuilegeza hata uzi mmoja.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alizoea kusema, "na sijasoma mahali Biblia ilipokataza heshima."

Kwa hiyo Sekela alijifunza kukimbia. Alikimbilia nyuma ya migomba, ndani ya duka la pembejeo, na mara moja chini ya kitanda cha wagonjwa kwenye zahanati. Siku nyingine alikuwa juu ya ngazi akimalizia bango la Hellen, akaona kofia ya Mzee inakuja. Kushuka hakukuwezekana, akapanda juu ya bati na kulala kifudifudi. Mzee alisimama chini pale pale akizungumza na muuza dawa za mifugo karibu saa nzima, na manyunyu yakaanza.

"Wewe Sekela!" Hellen aliita kutoka ndani. "Umekufa huko juu, au sasa unachora mbingu?"

Sekela hakuthubutu kujibu, maana hata sauti yake haikupaswa kumfikia. Mzee Ambindwile ndiye aliyetazama makopo ya rangi, akatazama kandambili ndogo chini ya ngazi, akaelewa. Alijifunika uso kwa kofia, akaondoka mbio kama mtu aliyekanyaga siafu.

Mwaliko ulikuja katikati ya haya yote. Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Ujerumani, aliyeliona jiko la Bibi Tulinagwe, alimpendekezea nafasi ya miezi mitatu katika mji wa Leipzig, ambako wasanii kumi na wawili wa nchi mbalimbali wangefanya kazi katika kiwanda cha zamani cha nguo. Mwishoni wangeonyesha walichofanya.

"Naondoka mwezi wa nane, narudi mwezi wa kumi na moja, harusi mwezi wa kumi na mbili," Sekela alimwambia Ambwene. "Hata maziwa hayatachacha."

"Maziwa yangu huchacha kwa nusu siku."

"Basi yaweke kwenye baridi."

"Na mimi nitajiweka wapi?"

Shangazi Jenifer, dada yake Mzee Ambindwile, alikuwa ameketi karibu akimenya ndizi, na yeye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulishika mkia. "Ambwene mwanangu, Ulaya wanakwenda wengi. Kinachorudi ni begi."

"Shangazi, hata begi lenyewe nimeazima," Sekela akamjibu. "Nisiporudi mimi, mwenye begi, Mwalimu Amoni, atanifuata huko huko."

Shangazi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Lakini Ambwene hakucheka sana.

Majuma mawili ya kwanza Leipzig yalikuwa ya aibu. Udongo aliokuja nao kwenye makopo ya siagi haukushika. Aliupaka jioni kwenye kuta nyeupe, nyororo kama sahani, na asubuhi aliukuta sakafuni. Sekela alijua tatizo ni nini: hakukuwa na samadi ya ng'ombe ya kuushikisha. Alipokwenda ofisini kuiomba, kwa Kiingereza chake cha sekondari, kikao kiliitishwa. Watu watano wenye miwani walijadili jambo hilo kwa uzito, wakauliza kama ana maana ya kitu kingine, kisha wakauliza anahitaji kiasi gani.

Aliyemwokoa ni Didier, mzaliwa wa Lubumbashi, msanii wa jukwaani aliyekuwa ameishi Ujerumani miaka kumi na miwili. Alikuwa mrefu, mwenye skafu shingoni hata ndani ya nyumba, na aliposikia Sekela akilaani kwa Kiswahili kwenye korido alisimama kama aliyeitwa jina lake.

"Dada! Miye nilifikiri Kiswahili yangu ilikufa. Kumbe ilikuwa inalala tu."

Alimpeleka kwa gari hadi shamba moja nje ya mji. Mfugaji aliwapa ndoo mbili za samadi na fomu ya kusaini. Wakarudi madirisha yakiwa wazi, wanacheka mpaka machozi, na asubuhi iliyofuata udongo ulishika ukutani kama umezaliwa hapo.

Baada ya siku hiyo Didier hakuwa mbali. Alimtafsiria, alimwonyesha mitaa, alimnunulia koti. Juma la tano, Sekela alipokuwa ameshachoka na mkate, Didier alibisha hodi akiwa na sufuria. Ndani yake mlikuwa na ndizi za kupika, zenye nyama na nazi, alizozisaka katika maduka manne. Sekela alikula, na akagundua kwamba analia.

"Nini?" Didier akauliza.

"Nazi. Sisi hatutii nazi."

"Kwa hiyo unalia sababu ya nazi?"

"Nalia kwa sababu ni tamu hata hivyo."

Usiku huo alijikuta akimfikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Alikuwa amechumbiwa, anajua hivyo, na bado moyo wake ulikuwa ukitikisika kama kikombe mezani lori la chai linapopita barabarani.

Kisha ikaja siku ya milango wazi, ambapo watu wa mji waliruhusiwa kuwatembelea wasanii kazini. Didier alishauri kwamba wageni waone mahali udongo unakotoka, kwa hiyo aliunganisha simu ya Sekela na skrini kubwa ukutani, naye akampigia Ambwene kwa video. Mambo yalianza vizuri. Ambwene aliwazungusha wageni nyumbani kwao Ikuti: migomba, mteremko wa chai, ng'ombe aliyeilamba kamera. Watu hamsini walipiga makofi. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia kwamba kwenye simu kunaonekana Ulaya, ila hakuambiwa Ulaya yenyewe anaionyesha nani.

"Hebu na mimi niione," sauti ya kiume ilisema.

Na uso wa Mzee Ambindwile ukaijaza skrini, mkubwa kama mlango.

Sekela hakufikiri. Alijitupa chini ya meza, akavuta turubai lenye udongo, akajifunika lote, akaacha nyayo mbili tu nje. Upande wa pili wa dunia Mzee naye alikuwa ameuona ubavu wa mkwewe ukiruka hewani. Simu iliruka, mbingu ya Rungwe ikapita kwenye skrini, kisha likaja giza na sauti ya mtu anayekimbia kwa viatu vya mvua. Simu ilikuwa imetua kwenye ndoo ya pumba.

Halafu makofi yakalipuka, marefu kuliko ya mwanzo, na mtu mmoja akapiga kelele za kushangilia. Walidhani yale ndiyo maonyesho yenyewe.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Ingrid, mwanamke mwenye nywele nyeupe fupi, mmiliki wa nyumba ya sanaa ambamo kazi zote zingeonyeshwa mwishoni. Jioni hiyo alimwita Sekela na Didier. Alizungumza taratibu, naye Didier akatafsiri huku macho yanamng'aa.

"Anasema hajaona kitu cha nguvu namna hii miaka mingi. Anataka ukifanye kila jioni, mwaka mzima, hapa na miji mingine. Mshahara, nyumba, karatasi za kuishi, vyote vipo. Na miye nitaigiza baba mkwe."

"Mwaka mzima? Nina harusi mwezi wa kumi na mbili."

"Iko mwezi wa kumi na mbili kila mwaka," Didier akasema.

Aliposindikizwa nyumbani, katikati ya daraja, Didier alisimama na kuacha mzaha. Alimwambia kwamba miaka kumi na miwili amekuwa mtu wa watu wote na si wa mtu yeyote, na kwamba ndani ya majuma yale alikuwa ameanza kununua chakula cha watu wawili bila kujua. "Baki, Sekela. Si kwa ajili ya Ingrid. Kwa ajili yangu." Jambo lililomtisha Sekela ni kwamba hakulikuta jibu mdomoni likiwa tayari.

Siku nne baadaye Ambwene alipiga simu. Video ya Sekela akiruka chini ya meza, iliyochukuliwa na mgeni mmoja, ilikuwa imefika Tukuyu. Watu waliitazama kwenye foleni ya maziwa.

"Baba anaendeleaje?" Sekela aliuliza.

"Hajatoka kwenda kanisani. Anasema wazungu wameuchekea uso wake, na sasa unachekewa hata na watoto wa kipaimara."

"Kuhusu sisi amesemaje?"

"Amesema la kwanza lilikuwa ajali, na ajali haina hukumu. Lakini nimemwambia ule mpango ulionieleza, wa kulirudia kwa makusudi. Likirudiwa, atapanda Suma kuwachukua ng'ombe wake. Na unamjua baba."

"Namjua kwa kofia na kwa kikohozi tu, Ambwene."

"Basi kikohozi chenyewe kimebadilika." Akavuta pumzi. "Mimi sikuambii ufanye nini. Thamani ya hicho unachopewa unaijua wewe. Mimi najua ya maziwa."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Kesho yake ulimjia ujumbe wa sauti kutoka kwake, hauna neno hata moja. Ndani yake mlikuwa na besi peke yake: pu, pu-pu, puuu, kimya, pu. Didier, aliyekuwa akichanganya udongo karibu naye, alikunja uso.

"Hii ni nini? Ng'ombe iko mgonjwa?"

Ile ilikuwa sauti ya chini ya wimbo ambao bendi hupiga maharusi wanapotoka kanisani. Anayeisikia besi peke yake husikia mtu anayehema kwenye bomba. Lakini Sekela alikuwa amekaa Jumapili nyingi upande wa besi, na pale kiwandani, akiwa na mikono iliyojaa udongo, alisikia tarumbeta ndogo zikiingia juu yake, kisha za kati, kisha sauti za akina mama. Aliusikia wimbo mzima. Akautazama uso mzuri wa Didier, uliosikia ng'ombe.

Hata hivyo alikuwa amemwahidi Bi Ingrid jaribio moja mbele ya waalikwa, na ahadi ni ahadi. Labda, alijiambia, linaweza kufanyika kwa heshima. Jioni hiyo waalikwa thelathini waliketi. Didier aliingia akiwa na kofia ya majani na ndevu za pamba, akaketi kwenye kigoda, akakohoa.

Sekela alisimama pale pale.

Didier akakohoa tena, kwa nguvu. Hakuna kilichotokea. "Sekela," alinong'ona ndani ya pamba, "kimbia!"

"Nimkimbie nani?"

"Mkwe!"

"Mkwe yuko wapi?"

Aliuliza kwa dhati, maana miguu ilikuwa imemgomea. Miguu iliyompandisha juu ya bati na kumtia chini ya kitanda cha zahanati ilikataa kabisa kupiga hatua mbele ya mtu wa Lubumbashi mwenye pamba kidevuni. Waalikwa wachache walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Sekela ndipo alipoelewa alichokuwa ameombwa auze. Akamgeukia Bi Ingrid na kusema kwa Kiingereza chake, bila mtafsiri.

Alisema kwamba kukimbia kule si mchezo, ni salamu, na salamu haiwezi kutolewa kwa mtu ambaye hayupo. Alisema asante kwa mwaka mzima aliokuwa akipewa, lakini hautaki.

"Basi nafasi yako kwenye maonyesho atapewa mwingine," Bi Ingrid akamjibu kwa upole. "Samahani. Nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya hili."

Kurudi nyumbani mikono mitupu, baada ya ndege na koti na samadi ya watu! Sekela akatazama ukuta mrefu wa nyuma, ule wa kwenda chooni, ambao hakuna msanii aliyeutaka.

"Nipe ule. Siku tisa. Usipoupenda, nitauosha mwenyewe kwa maji. Udongo hauna ugomvi na maji."

Bi Ingrid aliutazama ukuta, akamtazama msichana, akainua mabega. "Siku tisa."

Alichokusudia kuchora ni picha ya Mzee Ambindwile, mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni. Kwenye skrini, kabla ya kuruka, alikuwa ameona ukubwa wa uso huo tu. Kwa hiyo alichora alivyovijua. Alichora kofia juu ya kigingi cha uzio. Alichora kigoda chenye ufa, kisicho na mtu. Alichora mvuke wa chai ambayo mtu ameiacha ghafla. Halafu akafika kwenye jambo ambalo lilimkaa moyoni tangu mwezi wa saba.

Mwezi ule, akiwa anakwenda Ikuti kumsaidia mama yake Ambwene, alizoea kupita njia fupi ya juu, kando ya chai, penye udongo mkavu. Mara kwa mara aliona nyayo za viatu vya mvua, cha kushoto kimelika kisigino, zikija kwenye njia hiyo, zikiiacha, zikishuka hadi bondeni kwenye matope, kisha zikipanda tena mbali mbele. Alidhani huko chini kuna mtego au mzinga. Siku moja akauliza.

"Anakupisha, mwanangu," mama yake Ambwene alimwambia. "Siku unazokuja, yeye hupita bondeni ili wewe usichafuke miguu. Na magoti yenyewe yale!"

Kumbe wakati wote ambao Sekela alikuwa akihesabu taabu zake za kukimbia, kulikuwa na mzee aliyekuwa akikimbia zaidi yake, kimya kimya, kwa magoti mabovu.

Hilo ndilo alilolichora, urefu wote wa ukuta. Mistari miwili ya nyayo, mmoja wa kandambili kwa udongo mweupe, mmoja wa viatu vya mvua kwa masizi, kwenye ardhi nyekundu. Inakaribiana, inaachana, mmoja unashuka bondeni na mwingine unabaki juu, haigusani hata mara moja, na mwisho yote miwili inafika kwenye nyumba ile ile. Didier, aliyekwisha kuvua pamba, alimchanganyia udongo siku zote tisa. Siku ya saba akasema:

"Basi miye nimeshindwa na mzee mwenye magoti mabaya."

"Si yeye peke yake," Sekela alisema. "Na besi pia."

"Ile ng'ombe!" Didier akapiga kofi pajani, akacheka, na kicheko chake kilikuwa na maumivu kidogo, lakini kilikuwa kicheko cha kweli.

Siku ya maonyesho, watu waliokuja kutazama kazi nyingine walijikuta kwenye ukuta wa chooni na hawakutoka. Bila kuambiwa na mtu, walianza kutembea kwa mistari miwili, mmoja karibu na ukuta, mmoja mbali, wakipishana polepole. Bi Ingrid alitembea mwanzo hadi mwisho, akarudi, akatembea tena.

"Na uso wake?" aliuliza.

"Sijui ulivyo," Sekela alisema. "Ndiyo maana nimeweza kumchora."

Mwisho wa juma Bi Ingrid aliamua ukuta ule usioshwe. Akamwomba Sekela arudi kila mwaka kwa majuma sita, achore anachotaka, popote atakapochagua. Sekela alikubali kwa sharti moja: tiketi ziwe mbili, na ya pili iwe ya mtu mwenye mzigo mkubwa wa shaba.

Lakini Ikuti bado kulikuwa na hukumu. Je, kumchora mkwe si kosa lile lile kwa mlango mwingine? Didier alipiga video ya ukuta wote, naye Sekela akaituma. Ambwene alimsimulia baadaye kilichotokea. Aliweka simu juu ya meza, Mzee akakataa kuisogelea.

"Haiko hewani, baba. Ni picha. Yeye hakuoni."

Mzee aliigeuza simu nyuma, akahakikisha hakuna mtu. Akatazama. Akaomba irudiwe. Alijitafuta usoni mwa ukuta wote na hakujiona, ila aliona kofia yake, akaona kigoda, akaona kisigino kilicholika. Zilipofika nyayo za masizi bondeni, aliweka kidole juu ya kioo na video ikasimama.

"Aliyaona magoti yangu yakishuka huko?"

"Aliona nyayo tu, baba."

Mzee akavaa kofia, akachukua fimbo yake na Biblia, akaenda kanisani, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mlangoni aligeuka. "Watu wa Suma waambiwe ng'ombe wakae."

Sekela alishuka Tukuyu mwezi wa kumi na moja, katika mvua. Ambwene alikuwa pale na pikipiki, amevaa koti la plastiki, na walitazamana kwa aibu kama watu ambao rangi yao haijakauka. Alimweleza kila kitu, pamoja na daraja na swali la Didier, maana hakutaka kuingia kanisani na kitu mfukoni.

"Na ulimjibu nini pale darajani?" Ambwene aliuliza.

"Pale darajani, hakuna. Ulijibu wewe, kwa besi."

"Nilikosea nota mbili."

"Nilisikia."

Harusi ilifungwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, na kamati ilipata kazi ambayo haikuwahi kuipata. Bibi harusi na baba mkwe wangekaaje kwenye sherehe moja? Suluhisho likawa maturubai mawili, na katikati yake uzio wa mianzi iliyosukwa, mrefu kuliko mtu. Mshereheshaji alikimbia na kipaza sauti kutoka upande huu hadi upande ule mpaka shati likamlowa. Matarumbeta yalikaa kwenye pengo, ili yasikike kote, na bwana harusi alipuliza besi mwenyewe katika wimbo wa kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyeziweza nota zile bila kuzikosea zaidi yake.

Ilipofika zamu ya Mzee Ambindwile kusema, watu walinyamaza pande zote mbili. Sekela aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa shela, ingawa mianzi ilikuwa haipitishi hata mwanga. Kikohozi kilisikika.

"Ndaga fijo, asanteni sana mliokuja," sauti ilisema kutoka ng'ambo. "Nasikia kuna watu walinicheka kwenye simu. Wamecheka vizuri, maana nilikimbia vibaya. Lakini nina ombi kwa hao wa upande wa pili, sitaji jina. Nyumba yangu ina ukuta unaotazama barabara ya Ikuti. Nimeupima mwenyewe, una hatua ishirini na mbili. Waulizeni, wataanza lini?"

Kelele zilipanda mpaka mvua ikasahaulika. Vigelegele vilitoka turubai la kwanza, vikajibiwa na la pili. Shangazi Jenifer aliinuka na kiti chake, akainamisha sikio kwa bibi harusi, akapokea jibu, kisha akasimama juu ya kiti hicho na kulitangaza juu ya uzio kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo:

"Mwambieni aliyeuliza: Jumatatu, mvua ikikatika! Yeye awahi shambani wasikutane, na akirudi apite njia ya juu. Bondeni sasa ni zamu ya aliyepishwa!"